Mate ya mdogo wangu bado yako kwa serikali

Mdogo wangu alikamatwa hapa California kwa tuhuma za wizi. Kabla hajaonana na wakili, aliamriwa afungue mdomo, akasuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba. Ikaja kuonekana wamemshika mtu siye, akaachiwa bila kushtakiwa. DNA yake haikuachiwa.

Ndiyo sheria. Wapiga kura wa jimbo hili waliipitisha mwaka 2004, na tangu 2009 kila mtu mzima anayekamatwa kwa kosa kubwa huchukuliwa sampuli. Ukitaka ifutwe, uombe mwenyewe. Wangapi wanajua hilo? Sisi tuliambiwa na wakili wa msaada wa kisheria.

Sipingi DNA. Katika kesi ya jimbo la Maryland dhidi ya King, mtu alikamatwa 2009 kwa shambulio, sampuli ikamuunganisha na ubakaji wa 2003. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaridhia sampuli hiyo kuchukuliwa, majaji 5 kwa 4. Mwanamke aliyebakwa alistahili haki, na nashukuru aliipata. Lakini sheria ile ya Maryland iliagiza sampuli iharibiwe mtu asipopatikana na hatia. Kwa nini huku mzigo abebe asiye na kosa?

Kwetu Kenya, Januari 2020, Mahakama Kuu ilikataa DNA ikusanywe kwenye usajili wa watu. Waheshimiwa wabunge, mkitunga sheria ya wanaokamatwa, nawasihi muandike wazi nani ataifuta sampuli, na baada ya muda gani.