Alama 55 kwa mfumo wa wodini kwetu

Wiki mbili zilizopita alikuja wodini kwetu hapa Moshi kijana anayesomea shahada ya uzamili, akiwa na barua ya kibali kutoka kwa uongozi na bunda la madodoso mkononi. Alitaka kujua sisi wauguzi tunaridhika kwa kiasi gani na mfumo wa kielektroniki wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ule ambao sisi tunauita "mfumo" tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Nilikuwa natoka zamu ya usiku na miguu ilikuwa imevimba, kwa hiyo nilimwambia kwamba kama anachotaka ni ndiyo au hapana, basi aandike lolote litakalomfaa. Akacheka, akanibembeleza kwa "shikamoo sista" mbili za ziada, akaniachia karatasi. Nimeijaza nyumbani, na nilipomaliza niliona kwamba niliyoshindwa kuyatia kwenye visanduku vyake ni mengi kuliko niliyoyatia. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Sehemu kubwa ya dodoso lenyewe ni sentensi 10 ambazo, kama alivyonieleza, zilitungwa na John Brooke huko Uingereza mwaka 1986, na tangu hapo hutumika kupimia urahisi wa kutumia programu na mitambo ya kila aina. Kila sentensi unaipa namba kuanzia 1 hadi 5. Zile za namba witiri zinausifu mfumo na zile za namba shufwa zinaulaumu. Kwa zinazosifu unapunguza 1 kwenye namba uliyoweka, kwa zinazolaumu unaitoa namba yako kwenye 5, kisha unajumlisha zote na kuzidisha kwa 2.5, ukipata alama kati ya 0 na 100. Wastani unaochukuliwa kuwa wa kawaida ni 68. Mimi nilipata 55.

Sentensi ya kwanza yenyewe ilinikwamisha. Inataka niseme kama ningependa kuutumia mfumo huu mara kwa mara. Aliyeitunga bila shaka alikuwa akimfikiria mtu mwenye hiari, anayeweza kuifunga programu isiyompendeza akafungua nyingine, ilhali muuguzi akiingia zamu saa 1 asubuhi haulizwi anapenda nini. Niliweka 3, yaani katikati, ambayo ni namba ya mtu asiyetaka ugomvi.

Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, maana nilianza kazi mwaka 2011 na siitamani masjala ya wakati ule. Faili la mama aliyerudi na kifafa cha mimba lingeweza kutafutwa saa nzima, na mara nyingine likapatikana wakati mama ameshapelekwa chumba cha upasuaji. Dawa tulizisoma kwa kushauriana, kwa sababu tulikuwa na daktari mwenye mwandiko uliofanana na nyayo za kuku aliyepita kwenye majivu, na hakuna aliyethubutu kumpigia simu usiku kumuuliza alichoandika. Leo dawa na dozi zinasomeka. Majibu ya maabara nayo, ambayo zamani yalimtaka mhudumu ashuke ngazi na kurudi, sasa yanajitokeza kwenye skrini mara tu mtaalamu wa maabara anapoyathibitisha, na kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua hizo dakika 15 si jambo dogo. Kwa hili peke yake sitakubali mtu aturudishe nyuma.

Lakini anayeujua Uchaggani anajua kwamba kwetu majina ya koo ni machache kuliko watu. Wodi yetu ya vitanda 32 inaweza kwa siku moja kuwa na kina Massawe 3, kina Mushi 4 na kina Kimaro 2, na majina ya ubatizo nayo yanajirudia vilevile. Mfumo ulitarajiwa kuumaliza ugonjwa wa mtu mmoja kuwa na mafaili matatu, na kwa kiasi fulani umeupunguza, kwa kuwa mtu anaweza kutafutwa kwa namba ya simu au ya kadi ya bima. Hata hivyo mpokezi mwenye foleni inayofika mlangoni, asipompata mgonjwa kwa jina mara ya kwanza, humsajili upya ili foleni isogee. Masawe wa "s" moja na Massawe wa "s" mbili, mbele ya kompyuta, ni watu wasiofahamiana. Na kwa kuwa asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari, ukiuamini mfumo utadhani bibi zetu wengi wa Kibosho na Uru walizaliwa siku ya mwaka mpya.

Usiku mmoja wa masika nilifungua kumbukumbu za mama aliyekuwa kitanda namba 11, nikakuta wingi wa damu ni gramu 6.8. Hiyo ni damu ya mtu wa kuongezewa. Nilimwendea nikiwa tayari nimeanza kupanga nani atakwenda benki ya damu, nikamkuta ameketi anakula ndizi, anacheka na jirani yake. Nikamvuta kope ya chini taratibu nikaiona nyekundu, nikatazama viganja, vyekundu pia. Nilimwuliza, "Mama, jina la baba yako ni nani?" Akanitajia jina ambalo halikuwa kwenye skrini. Mwenye gramu 6.8 alikuwa kitanda namba 19, amelala kimya amejifunika khanga hadi shingoni, majina yake mawili ya mwanzo yakiwa yaleyale. Kompyuta haikukosea, kwa maana aliyeandika alichagua mstari wa juu badala ya mstari wa chini katika orodha iliyofanana. Lakini dodoso halikuwa na mahali pa kuniuliza ni mara ngapi nimeamini kope kuliko skrini.

Kisha inakuja Desemba, watu wa Dar es Salaam wanapopanda kuja kula Krismasi. Tunapokea wajawazito ambao mahudhurio yao yote ya kliniki yalifanyika huko, na taarifa zao zimelala kwenye mifumo ya hospitali za huko ambayo haizungumzi na wa kwetu. Kinachotuokoa ni ileile kadi ya kliniki ya karatasi iliyokunjwa mkobani, au picha ya majibu ambayo mume anaitafuta kwenye simu huku akitetemeka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama muuguzi anaridhika au haridhiki. Wakati wa zamu moja, mama mmoja aliyejifungua salama, bila tatizo lolote, nilimwandika mahali 5: kwenye patogramu (karatasi ya kufuatilia uchungu), kwenye faili, kwenye kitabu cha wazazi cha MTUHA, yaani vitabu vya wizara vya takwimu za afya, kwenye mfumo, na kwenye daftari la makabidhiano. Vitabu vya MTUHA vipo tangu miaka ya 1990 na jumla zake za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ili wizara ipate takwimu zake. Sina neno na takwimu. Neno langu ni kwamba mfumo mpya ulipokuja haukuondoa karatasi hata moja, bali ulikuja kukaa juu yake kama mgeni aliyekuja na mizigo.

Na kompyuta yenyewe ni moja, iko kwenye meza ya wauguzi, na daktari wa zamu naye anaitaka. Kwa hiyo tunapima presha, joto na mapigo ya moyo kitanda hadi kitanda, tukiandika kwenye kipande cha boksi la glovu, halafu saa 5 asubuhi au saa 6 mtu anakaa kuyanakili yote kwa mkupuo. Mfumo unaweka saa ya kunakili, si saa ya kupima. Mkaguzi akija kusoma ataona kwamba kina mama 32 walipimwa ndani ya dakika 20, na atatusifu kwa kasi isiyowezekana. Mara moja kipande cha boksi kilitupwa na mfanya usafi, na nusu ya wodi ikapimwa upya. Umeme ukikatika ni hivyohivyo, na hilo sina haja ya kulieleza kwa mtu anayeishi Moshi.

Nimejiuliza kwa nini imekuwa hivi, na jibu ninalolipata ni kwamba mfumo wetu ulianzia dirishani kwa mhasibu, ukafika wodini baadaye. Kila huduma inahitaji namba ya malipo, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hulipa kituo kwa madai yaliyojazwa sawasawa. Hospitali isiyokusanya fedha haiwezi kununua hata gozi, kwa hiyo sioni aibu katika hilo. Ila matokeo yake yanaonekana kwenye skrini: kumtoza mama jozi moja ya glovu kulikuwa ni mibofyo 2, na kuandika presha yake ilikuwa mibofyo 7. Kijana wa dodoso alinieleza kwamba Mmarekani Fred Davis aliandika mwaka 1989 kuwa mtu huikubali teknolojia kwa mambo mawili, manufaa anayoyaona katika kazi yake na urahisi wa kuitumia. Mimi nilisisitiza hayo maneno "katika kazi yake". Manufaa ya mfumo wetu ni ya kweli kabisa, lakini mengi yanavunwa ofisini, na jembe liko mkononi mwa muuguzi.

Haikulazimika kuwa hivyo. Pale Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, walipoanza kutumia kompyuta mwaka 2001, mhudumu aliandika kwenye fomu ya karatasi na makarani ndio waliokuwa wakiingiza taarifa kwenye mashine. Kutokana na kazi hiyo ndipo ilipochipuka OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2004. Katika hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe, Malawi walichagua njia nyingine, wakaweka skrini za kugusa ili asiyezoea kibodi ajibu swali moja baada ya jingine kwa kidole. Njia hizo mbili hazifanani, lakini zote zinaonyesha kwamba kuna mtu aliyekaa akajiuliza ni nani atakayechapa, na kwa mikono ipi.

Kwa mkunga, kidonda kikubwa ni patogramu. Ni karatasi moja. Unaweka alama ya kufunguka kwa mlango wa uzazi, unaweka mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na baada ya muda unaona mstari unapanda vizuri au umelala unaelekea kwenye mstari wa hatua, ule unaokuambia usisubiri tena. Huhitaji kusoma; unaitazama kutoka mlangoni, unajua kama kuna shida. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, ulioacha ile kanuni ya mlango kufunguka sentimita 1 kwa saa, bado ni wa kutazamwa kwenye ukurasa mmoja. Mfumo wetu umeichukua patogramu ukaigeuza kuwa visanduku vya namba: 4, 5, 5, 6, kila moja na tarehe yake, na ili uone zote unashusha ukurasa. Namba ni zilezile, ila mteremko hauonekani. Kwa hiyo tunaendelea kuichora kwa kalamu, na ya kwenye mfumo tunaijaza mtoto akiwa ameshazaliwa, jambo ambalo halimsaidii mama wala mtoto.

Kuna na dhambi yetu wenyewe, ambayo nisipoitaja nitakuwa nimependelea. Kutoka kwenye akaunti ya mtu mmoja na kuingia kwenye ya mwingine kunachukua muda, na usiku tuko wawili. Basi anayefungua kwanza huacha wazi na wote tunaandika humohumo. Niliwahi kurudi kazini nikakuta sindano ya magnesiamu salfeti imesajiliwa kwa jina langu saa 4 za usiku ambao nilikuwa nyumbani Pasua nimelala. Mwenzangu aliitoa kwa usahihi kabisa, lakini kama yule mama angepata shida, ningeitwa mimi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na nywila inayojulikana na wodi nzima haina namna ya kutetewa mbele yake. Tulielezwa hivyo kwenye semina ya siku moja. Kompyuta ya pili haikuja pamoja na semina.

Jambo moja limebadilika, na lilibadilika kwa njia rahisi mno. Matroni wetu aliwabana watu wa TEHAMA hadi wakamtuma kijana mmoja akeshe nasi zamu nzima badala ya kusubiri tumpigie simu. Hadi saa 9 usiku alikuwa ameshaniona nikinakili kutoka kwenye boksi la glovu, akaniuliza kwa nini sehemu ya presha iko ndani namna ile. Nilimwambia aliyeiweka huko ni yeye. Mwezi uliofuata ilikuwa imehamishiwa ukurasa wa mbele, na sasa ni mibofyo 3. Kuhusu mchoro wa patogramu alisema ni kazi kubwa zaidi, inahitaji kibali na fedha.

Dodoso nimelirudisha Jumatatu. Kwenye sentensi ya kwanza niliiacha ile 3 yangu, nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: mkiniletea mstari wa patogramu kwenye skrini nitaweka 5. Kijana aliisoma, akanishukuru sana, akaniambia kwa masikitiko kwamba maneno ya pembeni hayaingii kwenye hesabu.