Picha Ishirini za Kufungulia Mlango

Mwenye nyumba aliniandikia ujumbe siku ya Jumanne, tarehe 23 Juni 2020, akinikumbusha kwa adabu kwamba kodi ya miezi 6 ya fremu yangu ya duka kule Msasani, Dar es Salaam, pamoja na chumba cha nyuma tulichokitumia kuchorea, ilitakiwa imfikie kabla ya Julai kuanza. Ilikuwa shilingi 3,600,000. Mimi nilikuwa na shilingi 410,000 benki, na picha 214 zilizosimamishwa ukutani zikisubiri wageni ambao walikuwa wamekoma kuja tangu Machi kwa sababu ya korona. Safari za ndege za kimataifa zilisitishwa mwezi wa Aprili, na ingawa anga ilifunguliwa tena katikati ya Mei, waliotua hawakuwa watu wa kununua picha. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii wapatao milioni moja na nusu. Mwaka ule wa 2020 idadi ilikuja kushuka hadi chini ya nusu, na sisi wachoraji tulilijua jambo hilo mapema, kwa kuhesabu siku ambazo mlango wetu haukuingiwa na mtu hata wa kuuliza bei.

Ningeweza kukopa. Ndugu wawili walikuwa tayari kunisaidia, na yupo aliyeniambia kwamba msimu ukirudi nitalipa bila kuhisi. Usiku ule, kabla sijamjibu yeyote, nilikaa mezani na daftari la mauzo nikafanya hesabu ambayo kwa miaka 9 sikuwahi kuifanya mpaka mwisho. Kodi ilikuwa 600,000 kwa mwezi. Vijana wangu wawili nilikuwa nikiwalipa 250,000 kila mmoja. Luku, mlinzi na nauli za kusambaza mizigo zilimaliza 100,000 nyingine. Jumla, 1,200,000. Picha moja ya futi mbili kwa mbili, ukishatoa rangi, kitambaa na mbao za kuwambia, ilikuwa ikiniachia kama 60,000. Maana yake ni kwamba kila mwezi nilipaswa kuuza picha 20 ili nifungue tu mlango, kabla sijanunua hata kilo ya unga, na katika mwezi mzuri tulikuwa tukiuza 26.

Niliitazama ile 20 kwa muda mrefu. Kwa kuwa zilipaswa kuuzwa kwa lazima, zilipaswa pia kuwa picha ambazo mgeni hazikatai, yaani tembo chini ya Kilimanjaro, twiga wawili waliopishanisha shingo, na mbuyu wenye jua jekundu nyuma yake. Sisemi kwamba picha hizo ni mbaya. Mikono iliyonifundisha kazi ilizichora kwa heshima, na mimi pia nilizichora kwa heshima miaka ya mwanzo, lakini mkono ukichora tembo wa elfu moja unaanza kumchora bila jicho. Usiku ule nilielewa kwamba nilijiita msanii wa kujitegemea huku kila asubuhi nikiamka kuufanyia kazi mlango.

Jumatano asubuhi nilimpigia mwenye nyumba nikamwambia kwamba nitarudisha funguo Jumatatu, tarehe 29. Hakuniuliza sababu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Fundi seremala wa mtaani alifika saa moja na nusu, mzee mwenye penseli nyuma ya sikio, akanunua meza mbili, shelfu zote na msumeno wa kukatia mbao za kuwambia. Mama wa duka la vitenge la jirani alichukua kabati la kioo na feni. Hadi saa sita mchana nilikuwa na shilingi 780,000 mkononi, na chumba kilikuwa kimeanza kutoa mwangwi. Kazi iliyonichosha ilikuwa rangi. Kila kopo lililokuwa limekaa wiki nne bila kuguswa lilikuwa limejifunika ngozi, na nilipoikata kwa ncha ya kisu na kuikunja pembeni, chini yake rangi ilikuwa bado laini, inang'aa kama asali. Nilikuwa na makopo 63. Mengine niliyanunua kwa sababu yalikuwa na punguzo, mengine kwa sababu duka lenye rangi nyingi hupendeza wateja, na yako ambayo sikuweza kukumbuka niliyanunua kwa ajili gani.

Vijana wangu walifanya kazi kimya mpaka chakula cha mchana. Mkubwa ndiye aliyeweka sahani chini.

"Mwalimu, sisi tumekukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila swali isipokuwa hilo. Nilimwambia ukweli, kwamba hawakunikosea, kwamba nimechoka kuchora kwa ajili ya kodi, na kwamba nikikopa leo nitawaficha deni mpaka siku litakapotuangukia sote watatu. Niliwaonyesha daftari. Mdogo alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akifuata mistari kwa kidole, halafu akasema kwamba mshahara wake ulikuwa sawa na picha nne na kidogo, na kwamba picha nne alikuwa akizimaliza kwa wiki moja. Hakusema kwa lawama. Hata hivyo maneno yale yaliniingia, kwa sababu yalikuwa haki yake na mimi sikuwahi kumwonyesha hesabu hiyo.

Niliwalipa Juni na Julai, jumla shilingi milioni moja. Picha 150 waligawana nusu kwa nusu wakauze wenyewe, 40 nilimwachia mwenzangu mwenye duka kwa mali kauli, na 24 zilizobaki nilizivua kwenye mbao zake, nikazikunja na kuziingiza kwenye bomba la plastiki. Makopo niliyagawa pia, nikabaki na manane. Mkubwa alikuwa bado amenuna. Alipokuwa akifunga mzigo wake aliniuliza, bila kuniangalia, msanii asiye na duka atajulikanaje.

Nilimkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe huwasimulia wageni. Edward Saidi Tingatinga, ambaye kazi hii yetu imebeba jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, hapo hapo barazani. Alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu, bila kabati la kioo. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wakati ule kodi haikuwa hivi. Nilikubali kwamba ana hoja. Tuliagana saa kumi na moja jioni, na aliponipa mkono alinipa wa kazi, ule wenye rangi ya kijani kwenye kucha ambayo mafuta ya taa hayakuwahi kuitoa.

Jumanne tarehe 30 nilipanda basi la Tanga alfajiri, nikiwa na begi moja la nguo, bomba la picha, boksi la makopo manane, brashi nne na vipande kumi na viwili vya hadibodi vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Mfukoni nilikuwa na shilingi 190,000, ukiondoa nauli. Kutoka Tanga nilichukua gari la Pangani, barabara ikiwa bado ya vumbi, na giza lilipokuwa likiingia nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama yangu nikimwamkia. Aliitika marahaba, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mzigo mwingine unaoshushwa, kisha akaenda kuinjika chai.

Sikuchora chochote kwa siku kumi na moja. Nilipojaribu, upepo wa kusi ulinishinda, kwani rangi ile huchukua saa nyingi kukauka na barazani kwa mama mchanga huruka tangu saa tatu asubuhi, kwa hiyo kila nilichokipaka kilikuwa kikiota chembechembe kabla ya adhuhuri. Ilinibidi nijifunze kuamka saa kumi na moja, nichore upepo ukiwa bado umetulia, kisha niingize kibao ndani kikaukie chini ya meza ya chakula. Hadibodi zikiwa kumi na mbili tu, sikuweza kuharibu hata moja, na jambo hilo lilinifanya nitazame kabla ya kuchora kuliko nilivyotazama kwa miaka mingi. Asubuhi nilikuwa nikishuka ufukweni maji yanapotoka, nikakaa kwenye gogo nikiwaangalia wanawake wanaotanda uduvi, wawili wawili, wameshika ncha za chandarua wakikiburuta katika maji ya magotini na kukiinua kwa pamoja.

Hiyo ndiyo picha ya kwanza niliyoimaliza pale nyumbani, mwishoni mwa Julai. Nilichora wanawake wanne, bahari ya kijivu kama ilivyokuwa, na khanga zilizolowa mpaka kiunoni. Mama, ambaye katika miaka 9 ya duka langu aliniambia tu kwamba tembo wangu ni wazuri, alikichukua kile kibao, akakipeleka mlangoni penye mwanga na kukisogeza karibu na macho.

"Huyu wa kulia ameshika juu mno, mwanangu," alisema. "Namna hiyo uduvi wote watampita chini."

Nilikwenda kuchukua brashi. Rangi ya mkono ule ilikuwa bado haijakauka vizuri, kwa hiyo niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaushusha mkono mpaka kwenye maji, mama akiwa amesimama begani kwangu akinielekeza.