Alhamisi ya Vikaragosi: Siku Moja Maishani Mwangu

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024. Naandikia kipindi cha kejeli za kisiasa cha vikaragosi hapa Nairobi. Tunarekodi Alhamisi, tunarushwa hewani Jumapili usiku. Kati ya siku hizo mbili ndipo watazamaji wetu hupotelea.

Saa 12 asubuhi. Matatu, Ngong Road. Bunge la Kitaifa lilishapiga kura tarehe 8 kumwondoa naibu wa rais, Rigathi Gachagua, na leo anatarajiwa kujitetea Seneti. Kijana kando yangu anatazama video fupi: mtu kavaa suti inayompwaya, anamwiga Riggy G, kama Gachagua anavyoitwa kwa utani, mbele ya friji. Viti vitatu vya nyuma vinacheka. Mkobani nina kurasa sita za utani uleule.

Saa 3. Kikao. Kampuni iliyotaka kutudhamini imeomba tungoje "hali itulie". Kenya hii hali itatulia lini? Na kipindi kisicho na mdhamini husukumwa hadi saa nne usiku, habari zimekwisha, watu wanazima taa.

Saa 5. Kurekodi. Kikaragosi kimoja huhitaji watu wawili, mmoja akichezesha mdomo na mwingine mikono, wamebanana chini ya meza kama sandarusi za viazi. Chini ya taa zile mpira wa vikaragosi hunuka. Tunarudia kipande kimoja mara tisa kwa sababu kope la Riggy G limekwama. Mchora katuni Gado alipoanzisha The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha Kenya, mwaka 2009, kwa kuvutiwa na vikaragosi vya Les Guignols de l'info vya Ufaransa, kuona kikaragosi cha kiongozi kikibabaika runingani kulikuwa jambo geni. Kabla yake, enzi za kundi la wachekeshaji la Redykyulass, kuthubutu tu kuiga sauti ya Rais Moi kulikuwa nusu ya kichekesho. Siku hizi nani hathubutu?

Saa 7. Kibandani, chapati na ndengu. Mama muuzaji amewasha redio, Seneti mubashara, wateja hawataki hata kuondoka. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kijana wangu, sasa nyinyi mtaongeza nini hapo?" Nikaomba chai.

Alasiri. Wakili Paul Muite analiambia Seneti kwamba mteja wake amelazwa Karen Hospital kwa maumivu ya kifua. Onyesho letu zima lilikuwa hotuba yake ya kujitetea! Prodyusa akasema tubadilishe, awe kitandani. Nilikataa. Mgonjwa hachekwi, na hata angechekwa, simu zilikuwa zimeshamcheka.

Usiku. Maseneta hawakungoja apone. Wamemwondoa kwa mashtaka 5 kati ya 11. Kikaragosi chetu cha naibu wa rais sasa ni cha raia wa kawaida, na kipya huchukua wiki kadhaa: udongo, kalibu, mpira, rangi, kisha nywele moja moja. Kuhusu mrithi wake, watu wanamtaja Kindiki, wanamtaja Kang'ata, wanamtaja Waiguru. Nikapita karakana kuchukua mkoba. Mchongaji wetu alikuwa ameshalainisha udongo, ameufunika kwa kitambaa kibichi, amekaa anatazama simu.

"Nianze pua ya nani, kaka?"

Nikamwambia aanze na masikio.