Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine zinazogoma kuwaka, Malaba

Hapa Malaba ukisema wewe ni fundi wa kompyuta, watu wanakuona kijana wa kujaza nyimbo kwenye flashi na kuchapisha barua za kuomba kazi. Hayo nayafanya pia, sikatai, ndiyo yanayolipa kodi ya kibanda. Ila kazi inayoninyima usingizi ni seva ndogondogo (kompyuta zinazohudumia ofisi nzima) za Linux, mfumo endeshi kama Windows, zilizofichwa chini ya meza kwenye ofisi za mawakala wa forodha, shule na vyama vya akiba. Hakuna anayezikumbuka mpaka asubuhi zigome. Jana iligoma moja, nawasimulia.

Saa moja asubuhi. Chai, chapati, boda hadi kibandani. Malori ya kutoka Mombasa yameshajipanga upande wa Kenya, madereva wanapiga mswaki kando ya matairi.

Saa mbili mpaka saa nne. Chaja, kioo cha simu, mama aliyesahau nenosiri lake. Hakuna cha kusimulia.

Saa nne na robo. Simu inalia. Ni Mzee mmoja mwenye ofisi ya uwakala karibu na geti. "Fundi, seva imekufa. Njoo na Windows."

Neno "imekufa" halinishtui. Kinachonikimbiza ni hilo la Windows, maana nikichelewa nitakuta mtu ameshachomeka flashi yake na anafuta kila kitu ili "aweke upya". Kuwahi kabla ya mtu huyo ni nusu ya ufundi wangu.

Saa nne na nusu. Ofisi ni chumba kimoja: meza mbili, rafu za mafaili, na benchi walilokalia madereva wawili wakisubiri karatasi zao. Dada wa mapokezi ananielekeza kwenye skrini bila kusema kitu. Kuna mstari unahesabu sekunde, mashine inasubiri diski fulani ijitokeze. Ikifika dakika moja na nusu inakata tamaa, inatangaza hali ya dharura, kisha inasema akaunti ya root, yaani msimamizi mkuu, imefungwa, bonyeza Enter. Unabonyeza, unarudi palepale. Ni Debian, aina mojawapo ya Linux, na aliyeisakinisha hakumwekea root nenosiri, kwa hiyo hakuna anayeweza kuingia kwa akaunti hiyo. Kwa usalama ni jambo zuri, mpaka siku kama hii.

"Umeona? Imekufa," Mzee anasema. Amesimama nyuma ya bega langu, na hapo ndipo atakaposhinda siku nzima.

Naizima, naiwasha, naiwahi kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla mfumo haujawaka. Nabonyeza e, mwisho wa mstari wa kerneli (kiini cha mfumo) naongeza init=/bin/bash, halafu Ctrl-X. Napata terminali tupu, skrini ya kuandikia amri, na kabla ya lolote naorodhesha mafaili ya wateja ili Mzee ayaone kwa macho yake. Ankara zipo, manifesti zipo. Anahema. Kisha, "Sasa kwa nini haiwaki?"

Jibu liko kwenye faili moja, /etc/fstab. Humo ndimo zimeandikwa patisheni (sehemu za diski) ambazo Linux inapaswa kuzipachika inapowaka, kila moja na mahali pake. Katika seva hii kuna tatu: ya mfumo wenyewe, ya swap ya kusaidia kumbukumbu, na diski ya nje ya USB ya kuwekea nakala za akiba. Hii ya tatu imetajwa kwa UUID, namba yake ya utambulisho, na amri ya blkid inaonyesha kwamba hakuna diski yenye UUID hiyo.

"Si hiyo hapo, taa inawaka!" Mzee anaigonga kwa kidole.

Ipo kweli. Watu wa hapa nawaeleza hivi: jina kama /dev/sdb ni nafasi ya lori kwenye foleni, leo la pili, kesho la tatu. UUID ni namba ya usajili. Ukifomati diski umeibadilishia namba. Lori limefika getini na taa zake, lakini mlinzi ana karatasi yenye namba ya zamani, na ameambiwa asifungue geti mpaka aione.

Nauliza nani ameigusa. Kimya. Mpwa wa Mzee, aliyekuwa mlangoni na simu yake, anasogea nje kidogo. Anaitwa. Kumbe Jumamosi aliichukua kwenda kuhifadhia video ya harusi, laptopu yake ya Windows ikashindwa kuisoma, ikamwuliza kama aifomati, naye akakubali. Jumatatu akairudisha kimya kimya, na seva ikaendelea na kazi. Asubuhi hii ndipo ilipozimwa na kuwashwa upya.

Naifungua patisheni ya mfumo ili iandikike, naweka alama ya # mbele ya ule mstari wa tatu, nahifadhi, nawasha upya. Seva inawaka. Printa inaanza kulia, madereva wanaondoka na karatasi zao.

"Kumbe alama moja tu!" Mzee anacheka. Namwona anavyopunguza bei kichwani.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, kwa sababu ilinibidi nimwambie kwamba nakala zake zote za akiba zilikuwa kwenye diski iliyofomatiwa.

"Lakini mashine imewaka."

"Imewaka, Mzee. Ila sasa mafaili yako yapo mahali pamoja tu."

"Si yapo?"

Tulizunguka hivyo hadi karibu saa sita. Nilichora kwenye bahasha. Simu yake iliita, akaondoka kidogo, akarudi, tukaanza upya. Mwishowe dada wa mapokezi alimwambia kwa Kiteso sentensi moja ambayo sikuielewa, akakubali papo hapo.

Nikamwuliza mpwa kama video za harusi ameshazitoa. "Zote ziko kwenye laptopu, fundi." Nikamwuliza tena mbele ya mjomba wake. Zote. Basi nikaifomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, nikaandika mstari mpya wenye UUID mpya na neno nofail, ili siku diski isipoonekana seva iendelee kuwaka bila hiyo. Nikaikagua fstab kwa findmnt --verify, nikapachika, nikaanzisha rsync ianze kunakili mafaili, nikaagiza posho na maharage.

Sijamaliza kula, umeme ukakatika. UPS, kifaa cha kushikilia umeme kwa betri, ikapiga kelele mara moja, ikazima. Betri yake nilishaandika kwenye ripoti kwamba imekufa.

Kuanzia hapo saa sikuitazama sana. Tuliazima jenereta kwa jirani wa fotokopi, Mzee akanunua petroli huku akilalamika. Seva ilipowashwa ilisimama mapema kuliko asubuhi, kwenye initramfs, mfumo mdogo wa kuanzia, ikisema mfumo wa faili una hitilafu na fsck, programu ya kuurekebisha, iendeshwe kwa mkono. Patisheni hii sasa ndiyo yenye mafaili halisi, na nakala yake haijafika nusu. Mzee, nyuma ya bega, "Weka tena ile alama." Joto, moshi wa jenereta unaingia dirishani, na watu wanachungulia kuuliza tutamaliza lini.

Fsck yenye -y inakubali kila rekebisho bila kukuuliza. Kama diski yenyewe inaumwa, unaimaliza. Kwa hiyo kwanza nilisoma dmesg, ujumbe wa kerneli, mstari kwa mstari nikitafuta makosa ya kusoma diski. Ningeyaona, ningezima na kuinakili diski nzima kwanza kwa ddrescue. Hayakuwepo. Nikatazama blkid tena, maana safari hii diski ya USB ilitangulia na ya ndani ikawa sdb. Ndipo nikaiendesha. Ilirekebisha, ikarekebisha, jenereta ikakohoa, nikaacha kupumua, ikaendelea. Mwishoni lost+found, folda ya vipande vilivyopoteza mahali pake, ilikuwa na vipande vichache, vyote vya faili za muda za printa.

Nakala ilikamilika giza limeshaingia. Mzee akalipa nusu kwa simu; nusu nyingine "kontena likitoka". Bei ya betri hakutaka kuisikia. Kwenye diski nikabandika plasta: USITOE.

Saa tatu usiku, nikiwa nimenyoosha miguu, ujumbe kutoka kwa mpwa: "Fundi shikamoo. Ile sehemu ya keki siioni kwenye laptopu. Haiwezi kurudi?"

Nikamjibu kwamba juu yake zimeshaandikwa ankara za mjomba wake, nafasi ni ndogo, na kujaribu kunalipiwa kabla.