Zege, sare za shule na tizi la alfajiri

"Kwa hiyo mwili ni wako, watoto ni wangu?"

Mke wangu aliniuliza hivyo usiku mmoja, saa tatu imeshapita, mimi ndiyo kwanza natua begi la mazoezi mlangoni. Hakupandisha sauti. Mdogo alikuwa begani kwake, amelala mdomo wazi. Mkubwa alishapitiwa na usingizi kwenye kochi na daftari la hesabu kifuani. Sikuwa na jibu, nikaenda kuoga.

Wakati ule natoka kazini Posta, katikati ya Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, nasukumana kwenye basi la mwendokasi hadi Kimara, kisha naingia jimu moja nzuri kweli, ina viyoyozi na mashine za kukimbilia. Nalipa shilingi 70,000 kwa mwezi. Siku moja nikahesabu mwezi uliopita nilikwenda mara ngapi: mara 5. Yaani kila tizi moja lilinitoka 14,000, na watoto wananiona wikiendi kama mgeni.

Nikaacha kabisa kwa miezi miwili, nikidhani huo ndio ubaba. Wapi! Nilinenepa, nikawa na hasira za ovyo, na zile jioni nilizowahi kurudi nilizimalizia kwenye simu. Mke wangu ndiye aliyesema, "Rudi mazoezini, baba, ila safari hii tukae tupange."

Tulianza na siku zake, siyo zangu. Jumatano jioni na Jumapili asubuhi anakwenda kukimbia na wenzake. Siku hizo nabaki na watoto, na kubaki maana yake kuogesha, kulisha na kusimamia kazi za shule, siyo kukaa nao sebuleni runinga ikitulea wote. Baada ya hapo ndipo nikapewa Jumanne na Alhamisi alfajiri, na Jumamosi tizi la pamoja na watoto.

Jimu ya alfajiri ni ya mtaani, nyumba ya tatu kutoka kwetu: paa la bati, benchi la mbao, na vyuma vya zege. Asiyevijua, ni bomba la chuma lililochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege. Kopo la lita 4 likijaa linafika kama kilo 9 na nusu. Nalipa 1,000 kwa siku, nisipokwenda silipi. Saa kumi na moja niko pale, dakika 40 za skwati, benchi na kuvuta, halafu mbio nyumbani, maana gari la shule linapita saa kumi na mbili na robo na mwanangu hajawahi kuvaa soksi bila mjadala.

Alfajiri hiyo inategemea usiku uliotangulia. Nguo za mazoezi naziweka sebuleni, kwa sababu nikifungua kabati tu mdogo anaamka. Sare za wiki nzima nazipiga pasi Jumapili. Kilichoniuma hasa ni mpira. Mechi za Ulaya za saa tano usiku zinaisha saa saba inakaribia, na hakuna mtu anayetoka hapo akaamka saa kumi na nusu akiwa na akili zake. Siku hizi matokeo nayapata kwa dereva wa bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na kazi ya misuli siku 2 au zaidi. Ukijumlisha na kutembea kwenda kituoni na kurudi, nafikisha. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanashauriwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na huyu wangu wa miaka 7 anazimaliza kabla ya chai.

Jumamosi ni vurugu tupu uani. Mdogo anapanda mgongoni napopiga pushapu, mkubwa ndiye mwenye kuhesabu. Anahesabu vizuri hadi tisa, kisha inakuwa tisa, tisa, tisa, mpaka nianguke.

Kosa nililofanya ni kujitengenezea chuma changu cha zege nikakiacha uani. Mkubwa akakisukuma, kikamviringikia kwenye kidole gumba cha mguu. Mfupa ulinusurika, kucha ikatoka. Jioni hiyohiyo nikakipeleka kwa jirani, na mama watoto hakunisemesha hadi kesho yake.

Na wiki za homa? Zinakuja. Mtoto akichemka usiku kucha, alfajiri hiyo imekufa na siifidii. Mwanzoni nilikuwa nafidia jioni, nikajikuta narudi kulekule kwa zamani.

Alhamisi iliyopita nimeamka nikamkuta mkubwa sebuleni gizani, amevaa raba, kamba zinaburuta. Nikamwambia kule watoto hawaingii. Akasema yeye hanyanyui chochote, anakuja kunihesabia. Kumrudisha kitandani kulichukua robo saa, nikawahi skwati tu.