Koilova: Springi Kwanza, Kliki Baadaye

Anayetafuta koilova, yaani shokapu iliyozungukwa na springi na inayoweza kurekebishwa kimo, kwa ajili ya gari la mwendo kasi mara nyingi huanza kwa kuuliza gari litashuka kiasi gani, kisha huuliza shokapu zina kliki ngapi, yaani hatua ngapi za kitasa cha kurekebisha ukinzani wake, na akishajibiwa hayo mawili huona kazi ya kuchagua imekwisha. Mimi huanza kwingine. Swali langu la kwanza ni uzito unaobebwa na kila gurudumu, na ugumu wa springi unaoufaa uzito huo, kwa sababu springi ndiyo inayobeba gari, ilhali shokapu, hata iwe ya gharama kubwa namna gani, kazi yake ni kuituliza springi hiyo isiendelee kurukaruka.

Ugumu wa springi huandikwa kwa kilo kwa milimita au kwa nyutoni kwa milimita, na kilo 1 ni takriban nyutoni 9.8. Tarakimu hiyo peke yake haielezi mengi mpaka ujue springi imekaa wapi. Katika mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu imesimama karibu kabisa na gurudumu, springi husogea karibu sawa na gurudumu lenyewe. Katika mfumo wa mikono miwili, ambamo gurudumu hushikwa na mkono mmoja juu na mwingine chini, springi huenda ikasogea milimita 7 tu kila gurudumu linapopanda milimita 10, na uwiano huo wa 0.7 huzidishwa kwa wenyewe kabla ya kuzidishwa na ugumu wa springi, kwa hiyo kinacholifikia gurudumu ni chini kidogo ya nusu. Chukua kona ya gari yenye uzito wa kilo 300, ukiwa umeshatoa uzito wa gurudumu, breki na vinavyoambatana navyo, kisha uifunge springi ya kilo 6 kwa milimita. Kwenye MacPherson, kona hiyo itapanda na kushuka kwa masafa ya takriban mara 2.2 kwa sekunde. Kwenye mikono miwili yenye uwiano wa 0.7, springi ileile itatoa takriban mara 1.6. Gari la kwanza ni la mashindano, la pili ni la barabarani lenye ukali kidogo, na boksi la springi limeandikwa tarakimu moja.

Gari la kawaida la kustarehe huwa kati ya mara 1 na 1.5 kwa sekunde, na gari la barabarani lenye tabia ya kimichezo hufika karibu na 2. Zaidi ya hapo ni eneo la uwanja wa mbio, penye lami laini na matairi yenye mshiko mkubwa. Kwa gari linalotumika barabarani napendelea masafa ya nyuma yazidi ya mbele kidogo, kanuni ambayo mhandisi Maurice Olley aliifanyia kazi huko General Motors katika miaka ya 1930: tuta hugonga magurudumu ya mbele kwanza, na nyuma, ikiwa na mwendo wa haraka zaidi, huwahi kuifikia mbele ili bodi itulie kwa pamoja badala ya kuyumba kama mashua. Uwanjani wengi huigeuza kanuni hiyo bila tatizo.

Koilova zenyewe ziko za aina kuu mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko matangazo yanavyoonyesha. Katika aina ya kwanza, kimo cha gari hubadilishwa kwa kuzungusha kitako cha springi juu ya nyuzi za shokapu. Ukikishusha kitako, gari hushuka, lakini pistoni nayo huingia ndani zaidi ya shokapu, na nafasi ya kucheza inayobaki kwa ajili ya matuta hupungua kwa kiasi hichohicho. Katika aina ya pili, kipande cha chini kinachofungwa kwenye gurudumu nacho kina nyuzi zake, hivyo unaweza kufupisha koilova nzima bila kuigusa springi wala kuila nafasi ya pistoni. Kwa anayetaka kushusha gari zaidi ya sentimita 2 au 3, ninaipendekeza aina ya pili bila kusita.

Hapa pia ndipo penye imani moja inayoenea kwa kasi, kwamba kuikaza springi kwa kitako chake huifanya iwe ngumu zaidi. Springi yenye ugumu usiobadilika wa nyutoni 60 kwa milimita itadai nyutoni 60 nyingine kwa kila milimita, iwe imekazwa au haijakazwa. Ni pale tu inapokazwa kupita uzito inaoubeba ndipo itakataa kusogea mpaka nguvu ya ziada ije, na gari la namna hiyo huruka tairi kwenye kila kasoro ya barabara. Kaza kiasi cha kuifanya springi isicheze gurudumu linaponing'inia. Ikiwa ni fupi mno, springi ndogo ya kusaidia huziba pengo hilo.

Kuhusu shokapu, nitasema machache juu ya muundo. Zile za bomba moja, ambazo Bilstein ilianza kuziuza kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957, hutenganisha oili na gesi ya naitrojeni kwa pistoni inayoelea, hivyo oili haitoki povu kirahisi na joto hupotea haraka. Za mabomba mawili hupata moto upesi zaidi, lakini bomba la nje likibonyezwa na jiwe bado zinaweza kuendelea kufanya kazi. Ninachokitazama zaidi ni mchoro wa nguvu dhidi ya kasi ya pistoni. Muuzaji anayekupa mchoro huo kwa kila kliki anakupa kitu cha kufanyia uamuzi, na asiyeutoa anakuuzia kitasa tu. Kliki 30 ambazo 20 kati yake hazibadilishi chochote hazina faida kuliko kliki 8 zinazosikika.

Shokapu hukinza pande mbili: inapokandamizwa na inaporejea. Yenye kitasa kimoja kwa kawaida hubadilisha zaidi ukinzani wa kurejea, na mkandamizo hufuata kidogo. Tena, pistoni inapokwenda polepole ndipo bodi inapolala kwenye kona au kuinama kwenye breki, na inapokwenda kasi ndipo gurudumu linapogonga shimo. Kwa hiyo gari linaweza kuwa gumu kwenye mashimo na bado likalala ovyo kwenye kona.

Siku ya kufunga, usizikaze bolti za bushi za mikono magurudumu yakiwa yananing'inia. Mpira wa bushi umegandana na chuma pande zote mbili, na ukikazwa katika hali hiyo utabaki umejikunja gari litakaposimama, utaongeza ugumu usioutaka na kupasuka mapema. Literemshe gari, au uinue mkono kwa jeki hadi kimo chake cha kusimama, ndipo ukaze. Kwenye MacPherson, tazama pia mkono wa chini: ukishaanza kupanda kuelekea gurudumu badala ya kuwa mlalo au kushuka kidogo, kitovu cha kulala kwa bodi, yaani nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona, kimeshuka zaidi ya kilivyoshuka kitovu cha uzito wa gari, na gari ulilolishusha ili lisilale sasa lina hamu zaidi ya kulala. Fito za usukani nazo huharibika pembe, na gari huanza kujipinda lenyewe kwenye matuta.

Kimo hupimwa kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, si kutoka chini, kwa sababu upepo wa matairi hudanganya. Ukipata mizani ya magurudumu manne, weka uzito wa dereva kitini, fungua kiungo kimoja cha stabilaiza ya mbele na kimoja cha ya nyuma (stabilaiza ni fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale), kisha ulinganishe jumla za mishazari, yaani mbele kushoto na nyuma kulia dhidi ya mbele kulia na nyuma kushoto, hadi kila moja ikaribie asilimia 50 ya uzito wote. Kuinua kona moja huongeza uzito katika kona hiyo na katika iliyo mkabala nayo kwa mshazari, kwa hiyo badilisha kidogo katika kona zote nne kuliko kuihangaisha moja. Alaimenti hufuata baada ya hapo.

Kuanza kurekebisha kliki, funga kitasa hadi mwisho wa ugumu kwa mkono mwepesi na uhesabu kutoka hapo kurudi nyuma, kisha anzia katikati. Upepo wa matairi uwe umeshasawazishwa. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye fito inayong'aa ya pistoni, na baada ya mzunguko utazame ilikosukumwa: ikigusa mpira wa kuzuia, ule unaoizuia pistoni isigonge mwisho, kila mara, gari halisafiri juu ya springi bali juu ya mpira, na hakuna kliki itakayolitibu hilo. Ongeza ukinzani wa kurejea kliki 2 kwa wakati hadi bodi iache kuelea baada ya tuta, na usimame hapo. Ukizidisha, tairi halitawahi kushuka kabla ya tuta la pili, na gari litazidi kuzama kadiri matuta yanavyofuatana. Dereva huliona gari limekuwa gumu, kumbe limekosa mshiko.

Pua ikisukumwa nje wakati wa kuingia kona, shokapu zinaweza kulaumiwa, kwa kuwa uzito bado unahama. Ikisukumwa nje katikati ya kona ndefu, pale ambapo bodi imeshatulia na pistoni hazisogei, viache vitasa na uende kwenye stabilaiza, mwinamo wa magurudumu au springi zenyewe.