Akitoka kwa kugongwa kichwa, harudi: nilivyolisimamia katika timu yetu

Mimi ni meneja wa timu ya raga ya klabu hapa Nairobi. Ubishi uliokuwa ukinichosha kuliko wote pembeni mwa uwanja ni wa mchezaji aliyegongwa kichwa na bado anataka kurudi. Kwenye televisheni ameona mchezaji wa Afrika Kusini akitoka, mwenzake akishika nafasi kwa muda, kisha yule wa kwanza akirejea mbio. Kwa nini yeye azuiwe?

Niliamua tusilizungumze tena mechi ikiendelea. Sasa tunalimaliza Alhamisi baada ya mazoezi, vichwa vikiwa vimetulia, na ninaanza na sheria yenyewe. Kubadilishwa kwa muda ili kichwa kichunguzwe kunaruhusiwa tu kwenye mashindano ya ngazi ya juu ya watu wazima yaliyoidhinishwa na World Rugby, shirikisho la raga duniani, ambako kuna madaktari waliofunzwa kazi hiyo. Daktari hupewa dakika 12, na hazisimami hata refa akisimamisha saa ya mechi. Zikiisha mchezaji hajarudi, aliyeingia anabaki moja kwa moja. Hata mtu aliyekwisha kutolewa kimbinu, yaani kwa uamuzi wa kocha na si kwa jeraha, anaweza kurudishwa kuziba pengo hilo, na naona ni busara, kwa kuwa kocha hapotezi kitu akimtoa mtu wake. Ila aliyezimia, aliyekakamaa au anayeyumba hata huko hapimwi ili arudi. Mechi yake imekwisha.

Sisi hatumo katika mpango huo. Kwetu ukishukiwa tu kuwa umeumia kichwa, umetoka, na siku hiyo hurudi.

Huwaonyesha pia mkasa wa George Smith, mchezaji wa Australia. Tarehe 6 Julai 2013, jijini Sydney, Australia ikicheza na British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, aligongana vichwa na Richard Hibbard wa Lions, akatolewa akipepesuka. Wakati huo uchunguzi ulikuwa wa dakika 5, na baada ya hapo alirudi uwanjani. Wakishaitazama video hiyo, wabishi hupungua. Kisha namtaja Benjamin Robinson, mwanafunzi wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini, aliyefariki Januari 2011 baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja huku akiachwa aendelee kucheza. Nina kijana wa umri huo nyumbani. Sauti hunibadilika kila ninapolisema.

Lakini maelezo peke yake hayakutosha. Nilipowasikiliza wachezaji vizuri, niligundua wanang'ang'ania kurudi kwa sababu wanaijua benchi yetu. Huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele, akitoka na hakuna mwingine aliyefunzwa mstari huo, skramu (pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposhikana kugombea mpira) zinachezwa bila kusukumana, na kwa timu yenye nguvu mbele kama yetu hilo linauma. Kwa hiyo tukakaa na kocha. Tuliwafunza mapropu wawili, wale wanaosimama ubavuni mwa huka, kucheza nafasi yake, na tukakubaliana asimalize wachezaji wa akiba mapema kipindi cha pili. Hilo ndilo lililosaidia kuliko hotuba zangu zote.

Jambo la pili, uamuzi tulimpa mtaalamu wetu wa viungo, wala kocha haulizwi. Akinyoosha mkono, naandika kadi ya mabadiliko nampelekea mwamuzi wa pembeni. Mchezaji anaweza kuulizwa tuko uwanja gani, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita tulicheza na nani. Akikosea, hakuna la kujadili tena. Akijibu yote sawasawa, bado harudi.

Baada ya mechi hapewi pombe wala haendeshi gari, na mtu wa nyumbani anapigiwa simu akae naye usiku huo. Mechi inayofuata ni baada ya siku 21 mapema kabisa, na tarehe hiyo naiandika kwenye daftari ambalo kila mchezaji alitia sahihi msimu ulipoanza. Msimu uliopita propu wetu bora alikuja kuniomba kabla ya nusu fainali: "Meneja, niko sawa kabisa." Nikamfungulia ukurasa wake. Siku zake hazikuwa zimetimia, tukamwanzisha kijana wa timu ya pili.